Hozi ya Jumatatu

Cletus hajafa.

Naanza na hilo kwa sababu nyie wasomaji wangu mmenisumbua wiki nzima. Mmoja kanipigia yuko msibani, anataka kujua fundi kafa au hajafa, utadhani msiba aliokwenda haumtoshi. Haya, tulieni. Mkono wa kijiko ulipodondoka, Cletus aliruka. Mguu ukatoka, kandambili ikabaki chini. Kandambili ndiyo tumeizika.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, kijiko hiki si cha kulia wali. Ni mtambo wa kuchimbia mifereji, ule wenye mkono mrefu wa chuma na bakuli la kuchotea udongo mbele yake. Umesimama Mwamkulu kwenye mashamba ya mpunga, na mwenye nao ni Pelagia, mjane wa Erasmus. Cletus alikuwa amepiga magoti chini ya mkono, anakaza nati, hozi ikapasuka. Hozi ni ule mpira mnene unaopitisha oili ya kunyanyulia mkono. Oili ikikimbia, mkono unakuja chini, na hauulizi nani yupo.

"Yesu na Maria! Cletus! Uko mzima?" Pelagia akapiga yowe.

Cletus alikuwa amekaa kwenye tope, kalowa oili kuanzia kichwani. Akapapasa mguu mmoja, akapapasa wa pili. Alipohakikisha ni yake yote, akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake.

"Hii hozi imefungwa lini, mama?"

"Juzi tu. Gaspar kaifunga. Mpya kabisa."

"Mpya!" Cletus akaanza kukusanya spana zake. "Na ile ya kabla yake ilikuwa mpya. Na ile nyingine nayo mpya. Mama, mimi nina watoto. Chini ya mkono huu sirudi."

"Kesho ukoo unakuja, Cletus. Mkono usiponyanyuka wanauza."

"Najua, mama. Pole."

Akaondoka na kandambili moja, anachechemea kwenye tuta la mpunga, hakugeuka. Pelagia akabaki yeye na chuma chake.

Sasa nikwambie ukoo unakuja kufanya nini. Siku ya kuanua tanga la Erasmus, kule kwao Usevya, wazee walikaa. Baba mkubwa Maximilian ndiye aliyetoa neno la mwisho. Alisema mtambo ukiwa unafanya kazi ni wa Pelagia, ale nao. Siku ukifa, ni chuma cha ukoo, kiuzwe kigawanywe, na Pelagia arudi kwa wazazi wake.

Wazazi gani? Walishakufa wote wawili. Mtoto hana. Nyumba yao ya mjini, Kashaulili, waliiuza Erasmus alipokuwa anaumwa. Kilichobaki ni kijiko na kibanda cha mabati pembeni yake, anakolala mwenyewe, kwa sababu mtambo kama ule ukiuacha peke yake betri inaota miguu.

Na tangu siku ile ya tanga, mtambo haukai wiki bila kupasuka. Gaspar, mdogo wake Erasmus, ndiye opereta. Ndiye anayenunua spea. Ndiye pia aliyepeleka habari Usevya kwamba kijiko kimekufa, wazee waje waone Jumapili baada ya misa.

Hiyo Jumapili ni kesho.

Pelagia akachana gunia, akafunga pale hozi ilipopasuka ili vumbi lisiingie. Akampigia Gaspar.

"Shemeji, imepasuka tena. Imetaka kumuua Cletus."

"Loh! Pole, shemeji."

"Nakwenda mjini kutafuta nyingine."

"Usijisumbue." Gaspar alijibu haraka. "Mpanda nzima nimezunguka, hozi ya maana hakuna. Utapoteza nauli bure."

Pelagia akakata simu, akapanda bodaboda. Hakuwa na mpango wowote, jamani. Alikuwa tu hawezi kukaa pale kumsubiri mtu wa kumuuzia maisha yake.

Duka la spea alilofikia lilikuwa nyuma ya soko, Kashaulili. Hajawahi kuingia duka kama lile, mambo ya spea yalikuwa ya Erasmus, halafu yakawa ya Gaspar. Kwenye kaunta alisimama mwanamke mnene, mtandio wa njano, anakula karanga. Huyo ni Mwanahija, mjini wanamwita Mama Farhan. Kazaliwa Ujiji, kaolewa Tabora, kaachika Mpanda, na mdomo wake hauna breki.

"Karibu, dada. Nikupe nini?"

"Nataka hozi ya mkono wa kijiko."

"Ya kuuzia au ya kukaa nayo?"

Pelagia akamtazama. "Sijaelewa."

"Ahaa, ndiyo mara ya kwanza." Mama Farhan akafuta mikono, akashusha hozi mbili kutoka ukutani, akazilaza kwenye kaunta. "Angalia. Zinafanana?"

"Zinafanana."

"Zishike."

Pelagia akazishika, moja mkono huu, moja mkono huu. Moja ilikuwa nyepesi. Nyingine ilimvuta bega.

"Hiyo nyepesi ndani ina waya safu mbili," Mama Farhan akasema. "Hiyo nzito ina safu nne. Bei ya nzito unabeba nyepesi tatu na chenji ya soda inabaki. Sasa mtu anayetaka kuuza mtambo wake, atoe hela yote hiyo ya nini? Anafunga nyepesi. Mnunuzi anakuja, mkono unanyanyuka, anaridhika, analipa. Ikimpasukia mbele ya safari shauri yake. Lakini mtu anayetaka kukaa na mtambo wake anachukua nzito, analalamika bei, halafu hanioni tena mwaka mzima. Ndiyo maana nauliza kwanza. Mtambo wenyewe wa nani?"

"Wa marehemu Erasmus. Uko Mwamkulu."

"Subhanallah! Kumbe wewe ndiye mjane!" Mama Farhan akatoka nyuma ya kaunta, akamshika mikono yote miwili. "Pole sana, dada yangu. Si ungesema! Gaspar mteja wangu. Basi nakupa ile ile anayochukua kila siku, ya kuuzia. Vipi, mmeshapata mnunuzi?"

"Mnunuzi wa nini?"

"Wa mtambo."

"Mtambo hatuuzi."

Mama Farhan akaachia mikono yake polepole.

"Dada, mimi kila akija namuuliza kama nilivyokuuliza wewe. Ya kuuzia au ya kukaa nayo? Kila akija ananijibu ya kuuzia. Nikajua mmekubaliana, mnangoja mteja tu."

Pelagia akaivuta kwake ile hozi nzito.

"Nipe hii nzito."

"Hiyo nimekuonyesha tu. Ni hiyo moja, na imeshalipiwa."

"Na nani?"

Mama Farhan akajishika mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake Ujiji, alikosa neno.

"Mama Farhan. Na nani?"

"Na Gaspar."

"Alipoinunua hiyo ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Kasema hii ni ya kukaa nayo. Ile ile ya kijiko cha marehemu, vipimo vile vile. Kasema nimtunzie hapa hapa dukani, asije mtu akaiona. Anaichukua Jumatatu."

Msomaji, kama hujapata, nakusogezea karibu. Jumapili wazee wanaona mtambo mfu. Gaspar anajikuna kichwa, anasema jamani, chuma hiki atakinunua nani, nipeni mimi kwa bei ya chakavu niwaondolee aibu. Wazee wanamshukuru. Jumatatu asubuhi anafunga hozi ya safu nne, kijiko kinaamka, kazi inaendelea. Pelagia wakati huo yuko stendi na begi lake.

Unajua kilichomuuma zaidi? Si mtambo. Tangu Erasmus azikwe, majirani wa Kashaulili hawafiki Mwamkulu, ni mbali. Mawifi waliacha kupiga simu. Simu yake ikilia ni kampuni ya simu inamtangazia bando. Mtu pekee aliyekuwa anakuja, anakaa, anakula ugali wake na kusema shemeji leo umepatia mboga, alikuwa Gaspar. Huyo mmoja tu. Sasa hata huyo alikuwa anakuja kumhesabia siku.

"Niuzie hii hozi," Pelagia akasema. "Mwambie imeibiwa. Nakuomba."

"Siwezi."

"Umesikia mwenyewe anachotaka kunifanyia!"

"Nimesikia. Na nikitoka hapa leo nitashindwa kula." Mama Farhan alikuwa na machozi kabisa. "Lakini mali ya mtu imelipiwa, imewekwa kwangu amana. Nikiiuza mara ya pili, kesho nitamwambia nini Mungu wangu? Na mteja gani ataniachia mzigo wake tena?"

Ndipo Mama Farhan akaisogeza ile nyepesi.

"Chukua hii basi. Kesho ukoo unakuja, si ndiyo? Hii itanyanyua mkono mara moja, mara mbili. Wazee wataona, watarudi kwao. Ya nzito utaagiza baadaye. Hii nakupa bure, wallahi."

Hapo ndipo ningependa nikuulize wewe uliyelala kwenye kochi lako na gazeti. Ungefanyaje? Hozi ya bure. Kunyanyua mara moja tu. Maisha yako yote yanaokoka.

Pelagia aliichukua. Aliikunja mkononi, ikakunjika kirahisi. Akafika nayo hadi mlangoni. Akasimama pale, anamwona Baba mkubwa Maximilian, mzee asiyeweza kuona kitu bila kukigusa, anazunguka chini ya mkono na fimbo yake, anagonga gonga bakuli. Ndivyo anavyofanya kila anapokuja. Mara hii hozi angekuwa ameileta yeye Pelagia, na anajua iliyomo ndani.

Akarudi, akaiweka kwenye kaunta.

"Wewe ni mjinga?" Mama Farhan akamuuliza kwa upole.

"Leo asubuhi karibu imuue mtu. Sikujua. Sasa najua."

Akatoka mikono mitupu.

Jua lilipokuwa linashuka, Gaspar alikuja kula kama kawaida yake. Alikuja anapiga mluzi. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakalia.

"Ulikwenda mjini?"

"Nilikwenda."

"Ukapata?"

"Nimekosa."

"Si nilikwambia." Akanawa mikono. "Dagaa hawa wa Karema?"

"Wa Karema."

"Umewapatia, shemeji."

Pelagia alimtazama anavyokula. Ana masikio ya Erasmus, yale yale, na kula kwake ni kule kule kwa kufinyanga tonge bila kuliangalia. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni. Ya kuuzia. Ya kukaa nayo. Jumatatu. Angeyasema, Gaspar angenyanyuka pale pale, asirudi tena. Na asiporudi Gaspar, nani atakuja? Aibu kusema, lakini ndivyo alivyowaza. Alikuwa anaogopa kupoteza mwizi wake kwa sababu hakuwa na mtu mwingine.

"Ongeza mboga," akamwambia.

Gaspar akaongeza.

Asubuhi ya Jumapili Pelagia hakuwasha hata moto. Akavaa kitenge chake cha WAWATA, kile cha umoja wa akina mama Wakatoliki, akakiacha kijiko peke yake, akaenda misa ya kwanza. Mwezi mzima alikuwa hajakanyaga kanisani kwa ajili ya kulinda betri. Akajiambia leo waibe tu, kinakwenda kuuzwa hata hivyo. Kwenye benchi watu walimsalimia kwa kichwa, wakaendelea kuimba. Alipotoka hakusimama kuongea na mtu, na hakuna aliyemsimamisha.

Alipofika Mwamkulu, ukoo ulikuwa umeshashuka kwenye gari. Baba mkubwa Maximilian na fimbo yake, na wazee wengine wa Usevya, kofia mikononi. Gaspar alikuwa amenyoa, kavaa shati jeupe.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Ni kazi, baba."

"Haya. Tusikae juani. Gaspar, hebu tuonyeshe."

Pelagia alitazama mtambo. Gunia lake lilikuwa limefungwa pale pale alipolifunga jana. Akajua basi, imekwisha. Akaenda kusimama mlangoni pa kibanda, akaanza kufikiria avitoe vyombo gani kwanza.

"Baba mkubwa, mimi hata naona uchungu," Gaspar alikuwa anasema, sauti ya mtu aliye kanisani. "Mtambo wa kaka yangu huu. Nimehangaika nao mpaka nimechoka. Nitawasha injini, itawaka, injini haina shida. Ila nikivuta liva, mkono haunyanyuki. Muone kwa macho yenu, asije mtu akasema nimedanganya."

"Panda."

Gaspar akapanda. Injini ikakohoa, ikawaka. Ndege wakaruka kwenye mpunga. Gaspar akatoa kichwa nje, akahakikisha wazee wote wanaangalia.

"Haya, navuta! Mtaona, haunyanyuki!"

Akavuta.

Mkono ukanyanyuka.

Jamani! Ulipanda juu bila kutikisika, bakuli limejaa udongo wa mfereji, ukapita kichwa cha Baba mkubwa, ukapita paa la kibanda, ukasimama huko juu na wala haukushuka hata kidole kimoja. Wazee wakapiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele, mwanaume mzima.

Gaspar alikuwa ameganda, mkono kwenye liva, mdomo wazi.

Ndipo Cletus akatokea nyuma ya kibanda. Kandambili miguuni mbili, za rangi tofauti, na kifurushi cha spana begani.

"Shikamooni, wazee. Mimi ndiye fundi. Nimefunga hozi mpya alfajiri hii, mama akiwa misani."

"Hozi imetoka wapi?" Pelagia aliuliza kabla ya mtu yeyote.

Cletus akakohoa. Alionekana amekaririshwa maneno.

"Mama Farhan wa duka la spea kaja kuniamsha nyumbani mwenyewe. Kasema ana mzigo wa Gaspar, umelipiwa, ni wa mtambo huu huu. Kasema siku hizi duka lake linawapelekea wateja mizigo mpaka mtambo ulipo, na kufungiwa wanafungiwa bure. Mimi nikaishika. Nikaona ni safu nne. Nikasema hii hata nikilala chini yake na familia yangu, sawa. Nikafunga, nikalirudisha gunia la mama juu yake."

Wazee wakamgeukia Gaspar.

Sasa mwangalie Gaspar wangu huko juu. Aseme hozi si yake? Duka zima linajua ni yake. Aseme ni yake lakini hakutaka ifungwe leo? Kwa nini, Gaspar? Ulitaka ifungwe lini?

"Kumbe!" Baba mkubwa Maximilian alicheka mpaka akashika kiuno. "Kijana huyu! Anatuambia mtambo umekufa, kumbe ametoa hela yake mfukoni kumnunulia shemeji yake hozi ya maana, anataka kutushtua! Teremka, mwanangu. Teremka nikushike mkono."

Gaspar akateremka. Kila mzee alimshika mkono. Mmoja alimwambia Erasmus huko aliko anatabasamu. Gaspar alikuwa anaitikia asante, asante, na uso wake ulikuwa kama mtu aliyemeza pilipili yuko mbele ya wakwe.

"Na wewe, Pelagia," Baba mkubwa akasema. "Hushukuru?"

Pelagia alikuwa na neno moja tu la kusema na Gaspar angeumbuka mbele ya ukoo mzima. Wewe msomaji unataka aliseme, najua. Mimi pia nilitaka. Lakini aliwatazama wale wazee walivyofurahi, akaona hakuna hata mmoja atakayemwamini mjane dhidi ya mtoto wao. Ukweli wote alikuwa nao yeye, na hapakuwa na wa kugawana naye.

"Asante, shemeji," akasema.

Gaspar akaangalia chini.

"Basi neno la ukoo linabaki pale pale," Baba mkubwa akatangaza. "Mtambo unafanya kazi, ni wa Pelagia. Kazi ipo?"

"Ipo, baba. Karema, kuchimba mtaro. Wamesema wakisikia kijiko kimepona, leo leo wanatuma lile lori la kubebea mitambo."

"Waambie kimepona. Gaspar atakwenda nacho. Haya, tukale. Gaspar, mkeo si amepika?"

"Amepika, baba."

Mke wa Gaspar alikuwa amechinja mbuzi, nyie. Mbuzi wa kusherehekea chuma chakavu. Pelagia akawatumia watu wa Karema ujumbe, wazee wakaanza kupanda gari, na katika kupanda kule hakuna aliyemwambia Pelagia twende. Labda kila mmoja alidhani mwenzake kamwambia. Cletus naye akaaga. Kubaki na mjane peke yake pale shambani aliogopa, watu wa Mwamkulu wana midomo.

Gaspar alibaki nyuma kidogo. Injini ilikuwa bado inanguruma, mkono uko juu.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

"Tangu jana mchana."

"Na jioni ukanipa dagaa."

"Nikakupa."

Gaspar alipangusa jasho kwa kiganja. "Miaka yote mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti kile, shemeji. Kaka alikuwa anapita jioni kuchukua hela. Mimi ndiye niliyelala nao Inyonga, Mpimbwe, kote. Usiku nalala chini yake, mvua inaninyea. Kafa, kaka kapewa heshima zake, mtambo ukapewa wewe ambaye hata kuuwasha hujui. Mimi nikabaki opereta. Ulitaka niseme nini?"

"Ungeniambia."

"Ungenipa?"

Pelagia akakitazama kile kiti. Hata yeye hakujua kama angempa, na hilo lilimtisha.

"Mimi Karema siendi," Gaspar akasema. "Mtambo ni wako, hozi ni yako, endesha. Na usiuzime, betri imechoka. Ukiuzima leo hauwaki tena."

"Gaspar."

"Utabaki peke yako hapa, shemeji."

"Hata ulipokuwa unakuja nilikuwa peke yangu," Pelagia akamwambia. "Nilikuwa sijajua tu."

Gaspar akaenda zake kwenye gari. Mlango ukafungwa, vumbi likapanda, na vumbi lilipotulia palikuwa hapana mtu.

Pelagia alikaa chini kwenye kizingiti akalia. Alilia kwa sauti, kwa sababu injini ilikuwa inanguruma na hata hivyo hapakuwa na wa kumsikia. Ameshinda. Kijiko ni chake, hozi ni ya safu nne, mwaka mzima haipasuki. Na katika Mpanda yote hapakuwa na mtu wa kumpigia simu akamwambia.

Simu ikalia.

Akajua ni bando. Akaitazama. Namba ngeni.

"Mama, mimi dereva wa lori lililotumwa na watu wa Karema. Nilikuwa hapa hapa mjini, nimeambiwa kijiko kimepona. Nimeshafika barabarani hapa, nauona mkono wako juu. Huku mpungani siingii, nitazama. Utembezeni uje, nimeshashusha ngazi ya kupandia."

"Nisubiri kidogo, baba."

"Kidogo tu, mama. Nikikukosa wewe kuna mwingine Kashaulili ananisubiri na mtambo wake, nampakia huyo. Opereta unaye?"

Pelagia aliangalia njia ambayo gari la wazee lilipita. Akaangalia kibanda. Akaangalia kile kiti juu, mlango wake uko wazi.

"Ninaye," akasema.

Akakata simu. Akavua viatu vya kanisani, akafunga kitenge kiunoni kwa fundo la nguvu, akapanda. Kiti kilikuwa bado cha moto kwa Gaspar kukikalia. Mbele yake kulikuwa na liva, upande huu moja na upande huu moja, na chini miguuni pedali ambazo hakuna mtu aliyewahi kumwambia ni za nini. Kule barabarani lori likapiga honi.

Pelagia akafanya ishara ya msalaba, akashika liva ya kulia, akavuta.